Gari la kifahari: tuulize kwanza nani atalitengeneza hapa Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu ununuzi wa magari ya kifahari ya daraja la kati, yale ya milango minne yenye buti nyuma ambayo watu wa makamo huyatamani wanapokaribia kustaafu: Mercedes-Benz ya daraja la C au la E, BMW ya mfululizo wa 3 au wa 5, Audi A4 na A6, Lexus, na kwa upande wa mtumba wa Japani, Toyota Crown na Mark X. Mwandishi wenu alihitimisha kwamba mwenye uwezo anunue jipya, kwa kuwa anayenunua lililotumika hununua na matatizo ya mwenzake. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na mimi mwenyewe nimewahi kuyanunua matatizo ya mwenzangu kwa fedha taslimu. Hata hivyo, kwa sisi tunaoishi Tanga, naona hoja imeanzia pasipo pake. Kabla ya kuuliza kama gari ni jipya au limetumika, mnunuzi wa huku aulize ni nani atakayelitengeneza, spea zake zitatoka wapi, na ni karatasi gani inayothibitisha maisha liliyoyapitia.

Baada ya kustaafu kazi ya uhasibu nilitenga sehemu ya kiinua mgongo changu, nikaenda Dar es Salaam, na katika yadi moja nisiyopenda kuitaja nikanunua gari la Kijerumani, jeusi, lenye viti vya ngozi, likisoma kilomita 71,000 kwenye dashibodi. Chapa yake nayo siitaji, kwa kuwa kosa halikuwa la kiwanda. Nilirudi nalo siku ileile, na kuanzia Segera hadi Pongwe nilijiona mtu miongoni mwa watu. Wiki ya tatu nililipeleka Ngamiani kwa kijana ambaye amenitengenezea magari kwa miaka mingi. Hakufungua hata boneti. Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akautazama mpira wa pedali ya breki uliokuwa umelika upande mmoja mpaka chuma kikaonekana, akapitisha kidole gumba kwenye usukani pale ngozi ilipong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, kisha akasema, "Mzee wangu, kilomita elfu sabini hazili pedali namna hii."

Jawabu lilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya bahasha ya kaki. Pamoja na kadi ya gari, yadi ilikuwa imenipa nakala ya cheti cha kufuta usajili kutoka Japani, na mimi nikakiweka kabatini bila kukitazama kwa sababu kimeandikwa Kijapani. Maneno ni ya Kijapani, ndiyo, lakini tarakimu ni zilezile nilizofundishwa darasa la kwanza, na katika kisanduku kimoja palikuwa na 138,200 ikifuatiwa na herufi mbili, km. Wajapani hupeleka magari yao kwenye ukaguzi wa serikali wanaouita shaken, mara ya kwanza yakiwa na umri wa miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2, na kilomita husomwa na kuandikwa. Nimekagua vitabu vya hesabu za watu kwa miaka 31 nikitafuta tofauti ndogo kuliko hiyo, na tofauti ya kilomita 67,200 ilikuwa imelala kabatini kwangu tangu siku ya kwanza.

Mwezi wa tano giaboksi ilianza kugutuka inapoingia gia ya tatu. Kifaa kilichohitajika hakikuwepo Tanga. Kiliagizwa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kikaja kwa basi hadi stendi ya Kange, kikakutwa si chenyewe, kikarudishwa kwa basi, kikaja kingine. Siku 19 gari lilikaa juu ya mawe uani kwa fundi huku kuku wakilala chini yake. Nilipojumlisha spea, usafirishaji, mafuta maalumu ya giaboksi na ufundi, nilipata shilingi 4,300,000, na mwaka haukuisha nikaliuza kwa hasara ambayo mke wangu hadi leo huitaja kila nikisema neno "uzoefu".

Je, jipya lingeniepusha na hayo? Na kilomita zilizorudishwa nyuma kwenye dashibodi, bila shaka. Lakini gari jipya la Kijerumani huja na dhamana inayodumu kwa masharti, na sharti kubwa ni kwamba huduma ifanyike kwa wakala, naye yuko Dar es Salaam, kilomita kama 350 kutoka hapa. Kila huduma ni safari ya kilomita 700, siku mbili na malazi. Taa ya onyo ikiwaka Ijumaa jioni ukiwa Raskazone, fundi wa Ngamiani, hata akiwa hodari namna gani, ama hana kompyuta inayosomana na gari la mwaka huu, ama anayo lakini ukimruhusu aguse umeanza mabishano na mwenye dhamana. Isitoshe, gari la kifahari hupoteza thamani kubwa zaidi katika miaka yake ya mwanzo, na anayeibeba hasara hiyo ni mnunuzi wa kwanza. Kampuni ambayo dereva wake yuko Dar es Salaam kila wiki inaweza kununua jipya bila majuto. Mstaafu wa Chumbageni anayekwenda msikitini, sokoni, Bombo kupima presha na mara moja kwa mwezi Muheza shambani, atakuwa amelipia utulivu ambao hawezi kuufaidi.

Makala yenu, nasikitika kusema, iliruka kabisa suala la kodi, na huko ndiko watu wengi wanakoumia kwa sababu wameangalia bei ya Japani peke yake. Kwa viwango nilivyolipia mimi, gari linaloingizwa nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini yenye ukubwa unaozidi sisi (cc) 2,000 ni asilimia 10, na kwa ile iliyo kati ya sisi 1,001 na 2,000 ni asilimia 5. Kisha huja ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari lenye umri wa miaka 8 au 9, na asilimia 30 kwa lenye miaka 10 au zaidi. Mwisho wa yote hujumlishwa VAT ya asilimia 18, inayokokotolewa juu ya hayo yote, pamoja na tozo ndogondogo za reli na za forodha.

Tuchukue gari lenye injini ya sisi 2,500, lenye miaka 11, ambalo thamani yake hadi bandarini ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni 2,500,000, hivyo tunafika 12,500,000. Asilimia 10 ya hapo ni 1,250,000, na asilimia 30 ni 3,750,000, jumla 17,500,000. VAT ni 3,150,000. Kabla ya tozo ndogo, bima na usajili, gari la milioni 10 limeshakuwa la shilingi 20,650,000. Serikali imechukua zaidi ya alivyochukua Mjapani. Sasa chukua gari hilohilo likiwa na miaka 9, kwa thamani ileile: ushuru wa uchakavu unashuka hadi 1,875,000, VAT inakuwa 2,812,500, na jumla ni 18,437,500. Tofauti ni zaidi ya milioni 2 kwa sababu ya umri tu. Ndiyo maana mara nyingi gari la mwaka wa karibu zaidi, ambalo mnadani linaonekana ghali, likifika Tanga halina tofauti kubwa na kuukuu. Msomaji aelewe pia kwamba TRA, yaani mamlaka ya mapato, haihesabu kodi kwa kufuata risiti uliyoandikiwa na muuzaji. Inatumia thamani iliyomo katika mfumo wake, na mfumo huo uko wazi kwenye tovuti ya mamlaka hiyo, mtu anaweza kuingiza aina ya gari na mwaka wa kutengenezwa akaona atakacholipa kabla hajatuma hata senti.

Anayenunua gari la mkononi, lililokwisha kusajiliwa hapa nchini kwa namba D au namba E, hakumbani na hesabu hiyo, lakini ana yake. Madeni ya faini za barabarani na ya maegesho hufuata namba ya gari, hayamfuati aliyeyasababisha, kwa hiyo yaangaliwe kabla ya kulipana. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako, na kitambulisho chake kilingane. Nimeona watu wakiuziwa na "mdogo wake mwenye gari", na mwenye gari mwenyewe akaja kupatikana baada ya mwaka.

Nije kwenye kuchagua. Nakiri kwamba nina upande: baada ya msiba wangu wa gari la Kijerumani nilinunua Toyota Crown yenye injini ya lita 2.5, ya toleo lililotengenezwa kuanzia 2008 hadi 2012, na ninaiendesha hadi leo. Sikuichagua kwa uzuri. Nilimwuliza fundi wangu ni gari gani la daraja hilo ambalo akilala akiamka anaweza kulifungua, naye akajibu bila kufikiri, Crown au Mark X, kwa maana ni watoto wa tumbo moja. Ukweli uko hivyo: umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni uleule, milimita 2,850, na injini zake za V6 za familia ya GR, ile ya lita 2.5 inayoitwa 4GR na ya lita 3.0 inayoitwa 3GR, zimefungwa katika magari yote mawili. Kwa kuwa Mark X zimejaa Dar es Salaam, spea zinazohusu injini, mapya na ya kuvuliwa, zinapatikana Gerezani, na mengi yanaweza kupanda basi la asubuhi yakafika Kange kabla ya magharibi. Mark X iliachwa kutengenezwa Desemba 2019, lakini kwa wingi uliopo nchini hilo halipaswi kumtisha mtu kwa miaka mingi.

Hata hivyo injini hizo si malaika. Petroli ndani yake hupulizwa moja kwa moja kwenye silinda, haipiti juu ya vali za kuingizia hewa kama ilivyokuwa katika magari ya zamani, kwa hiyo haizioshi vali hizo, na masizi ya mvuke wa oili hujikusanya juu yake kidogo kidogo. Huko Marekani wenye Lexus IS 250, gari linalotumia injini hiyohiyo ya 4GR, walililalamikia jambo hili kwa miaka. Dalili yake ni gari kutetemeka likiwa sailensa, kama mafundi wanavyosema, yaani limewashwa limesimama, na hasa likiwa bado la baridi. Anayetembea mjini tu, kutoka Barabara ya Nne hadi Mkwakwani na kurudi, analea masizi. Safari ndefu za mara kwa mara na oili nzuri inayomwagwa kwa wakati humsaidia.

Kwa upande wa Ulaya sitaki kumkatisha tamaa mtu ambaye moyo wake uko kwenye nyota ya Mercedes-Benz au kwenye duara la buluu na jeupe la BMW, kwa kuwa ukikaa ndani ya Mercedes-Benz ya daraja la E iliyotunzwa, utulivu wake kwenye lami ya Muheza haufanani na kitu kingine. Ajue tu anachokitafuta. Zile za E zilizotoka 2002 hadi katikati ya 2006 zina mfumo wa breki wa umeme ambao pampu yake ina ukomo wa kazi, na kampuni yenyewe iliuacha mfumo huo katika toleo lililorekebishwa. Kwa hiyo anayelipenda umbo hilo atafute la baada ya mabadiliko hayo. Zile za C zenye injini ya lita 1.8 yenye kompresa zinajulikana kwa cheni ya ndani kurefuka na meno ya gia zake kulika. BMW nyingi zilitoka kiwandani bila tairi la akiba, zikiwa na matairi magumu yanayoweza kutembea kidogo yakiwa hayana upepo. Ulaya, ambako kituo cha matairi kiko kila baada ya kilomita chache, huo ni uungwana. Kati ya Muheza na Segera saa nne usiku ni jambo jingine, na tairi la namna hiyo ukilikosa Tanga utalisubiri kutoka mbali. Mnunuzi afungue buti aone kama pana nafasi ya tairi la akiba kabla hajauliza kama redio ina bluetooth.

Faida moja ya gari lililotoka Uingereza, ambako pia usukani uko kulia, ni kwamba rekodi za ukaguzi wake wa kila mwaka ziko wazi kwa umma kwenye tovuti ya serikali yao, na ukiwa na namba yake ya huko unaona kilomita, au tuseme maili, zilizosomwa katika kila ukaguzi na kasoro zilizokutwa. Hasara yake ni kutu, kwa kuwa barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari lililokwisha kuonja chumvi huko halifai kuletwa kuishi mita mia mbili kutoka baharini Sahare.

Jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa, na ambalo naliona zito kuliko kodi, ni mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Makopo ya kulipulia mifuko hiyo yalitumia kemikali ya amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huharibika, na siku ya ajali, badala ya kujaza mfuko kwa kipimo, hulipuka kwa nguvu na kurusha vipande vya chuma kifuani na shingoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa namna hiyo katika ajali ndogo ambazo wangetoka wazima. Makopo ya namna hiyo yalirudishwa kwa makumi ya mamilioni duniani kote, kampuni ikafilisika mwaka 2017, na miongoni mwa magari yaliyohusika zimo BMW za mfululizo wa 3, Mercedes-Benz za daraja la C, Lexus na Toyota za aina mbalimbali za miaka hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba hatari ni kubwa zaidi katika maeneo ya joto na unyevu, na mtu yeyote aliyelala Tanga mwezi wa Machi bila feni hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Namba ya chasisi ya gari inaweza kuingizwa kwenye tovuti ya kiwanda husika ili kuona kama kopo limebadilishwa. Kazi ya dakika tano, bila malipo. Sijawahi kumsikia dalali akiitaja.

Mwezi uliopita jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniomba nimsindikize kutazama Mark X ya mkononi, ya kijivu, namba D, ambayo bei yake ilikuwa chini kidogo ya ilivyostahili. Tulimchukua na fundi. Tulimwambia mwenye gari tutafika saa tatu, tukafika saa moja na nusu. Boneti ilikuwa ya moto. Mtu anayelipasha gari moto kabla mnunuzi hajafika ana jambo asilotaka lisikike, kwa maana mlio wa cheni iliyolegea na moshi wa mwanzo hujitokeza katika sekunde chache za kuwasha injini ya baridi, kisha hupotea. Tukakaa kibarazani tukanywa kahawa hadi injini ipoe, mwenyeji wetu akiangalia saa yake. Ilipowashwa haikupiga kelele yoyote, na mwalimu akaanza kutabasamu.

Fundi akaingia kiti cha nyuma, akaushika mkanda wa abiria, akauvuta taratibu hadi mwisho kabisa, pale ambapo hakuna mtu huuvuta. Sentimita thelathini za mwisho zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mpaka kati ya rangi hiyo na weusi wa mkanda ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Akatuita bila kusema kitu. Akanyanyua zulia la buti, akaondoa tairi la akiba, akapitisha kidole katika kona ya shimo lake na kukitoa kikiwa na vumbi laini kama unga wa muhogo. Bolti za reli za viti zilikuwa na kutu nyekundu, ilhali chini ya gari hapakuwa na kutu. Gari lile lilikuwa limekaa ndani ya maji. Cheti chake kilionyesha kwamba usajili wake ulifutwa Japani Desemba 2019, miezi miwili baada ya kimbunga Hagibis kuzamisha magari mengi huko. Sisemi kwamba mwenye gari alijua. Inawezekana naye aliuziwa vilevile. Nasema tu kwamba hakuna rangi wala polishi inayofika mwisho wa mkanda.

Anayeagiza mwenyewe kutoka Japani ana silaha moja zaidi, nayo ni karatasi ya mnada, ambayo muuzaji mwaminifu huitoa akiombwa. Ina alama ya hali ya gari, kwa kawaida 4.5, 4 au 3.5 kwa magari yanayofaa, na herufi R au RA kwa lililowahi kugongwa sehemu ya fremu na kutengenezwa. Gari la R si lazima liwe baya, lakini bei yake iwe ya R. Kwa Crown zilizotoka mwishoni mwa 2012 na kuendelea, zile zenye injini ndogo ya silinda nne ikisaidiwa na mota ya umeme, zinavutia kwa unywaji wa mafuta, ila betri yake kubwa iko nyuma ya viti vya nyuma na hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Vumbi la Pongwe na la Maweni likiziba njia hiyo betri huchemka na kufa kabla ya siku zake. Kusafisha si kazi ngumu; ngumu ni kumpata anayejua kwamba kuna cha kusafisha.

Mambo mengine nayapita haraka. Redio ya Kijapani haishiki stesheni zetu nyingi za FM kwa kuwa masafa yake huishia chini ya yetu, na kifaa cha kurekebisha kinapatikana. Mwanamke aliye ndani ya dashibodi atakuamkia kwa Kijapani kila asubuhi akidai kadi ya kulipia barabara. Ukimzoea ni mwenzio wa safari. Matuta ya kwetu ni marefu kuliko tumbo la magari haya, kwa hiyo anayependa kuyashusha zaidi kwa urembo ajue anachokifanya. Kuhusu mafuta, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei zake, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Tanga ina bei yake kwa kuwa meli zinashusha hapahapa bandarini. Crown yangu mjini hunipa kilomita 8 kwa lita, na barabarani kwenda Dar es Salaam hufika 11 nisipokuwa na haraka.

Kuhusu kiasi cha fedha, ushauri wangu kwa mwalimu ulikuwa huu: kama ana milioni 40, atafute gari ambalo likishalipiwa kila kitu na kuandikishwa litakuwa limekula milioni 30, na ile 10 iliyobaki asimwonyeshe dalali wala asiitaje mbele ya watoto. Miezi sita ya kwanza gari lililotumika hudai haki zake zote kwa pamoja: matairi, bushi, shokapu, oili ya giaboksi, plagi, betri. Gari lililokula pesa zote ndilo linaloishia kulala juu ya mawe.

Ndugu Mhariri, yadi nyingi za magari hutangaza katika kurasa zako, na matangazo yao huwa na bei, rangi, na neno "safi sana". Ningependa gazeti lako liwaombe waongeze mstari mmoja tu: kilomita zilizoandikwa kwenye cheti cha kufuta usajili, na tarehe ya cheti hicho. Asiyekuwa na cha kuficha, mstari huo hautamgharimu kitu, na mwalimu, ambaye bado anatafuta na wiki ijayo tutakwenda naye Dar es Salaam tukiwa na fundi na tochi, atajua ni mlango upi wa kupiga hodi kwanza.

Wako mtiifu,
Mhasibu mstaafu,
Chumbageni, Tanga